Kuku arobaini, bustani ya chainizi na kichupa cha chanjo kilichoonekana kikubwa mno: uchambuzi wa kisa kimoja

Usuli

Kisa hiki kimetokea pembezoni mwa jiji la Mbeya. Mtaa siutaji, majina nimeyaondoa, na kuna vitu viwili vitatu vya kifamilia nimeviacha makusudi ili mtu asitambulike. Mwenye kuku tumwite Mama K. Ameridhia kiandikwe kwa sharti moja tu, kwamba mkwe wake asijitambue, na ukisoma mpaka katikati utaelewa kwanini. Mimi niliingia kwenye hii habari kama mtu wa ushauri wa mifugo, nikawa napita pale mara kwa mara kwahiyo mengi niliyoandika nimeyaona, mengine nimesimuliwa na yeye pamoja na majirani.

Kwa asiyeijua Mbeya, mji uko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mvua zinaanza Novemba zinaenda mpaka Aprili au mwanzoni mwa Mei, alafu kinakuja kiangazi cha baridi, Juni na Julai usiku unaweza kulala na blanketi mbili na bado ukajikunja, alafu Septemba na Oktoba ni upepo na vumbi. Kwa mboga hali hii ni neema tupu, chainizi, figili, spinachi, kabichi na karoti zinakwenda karibu mwaka mzima mradi una maji. Kwa kuku pia sio mbaya hata kidogo. Watu wanaogopa baridi kuliko inavyostahili, kuku mkubwa mwenye manyoya yaliyokamilika anaivumilia baridi ya Mbeya vizuri tu, kinachomtesa ni unyevu chini na upepo unaompiga moja kwa moja akiwa amelala.

Mama K anauza nafaka sokoni asubuhi mpaka mchana, mume wake ni fundi ujenzi na muda mwingi yuko saiti nje ya mji. Nyuma ya nyumba kuna eneo kama hatua ishirini kwa kumi na tano, miparachichi miwili, na bomba linalotoa maji siku chache kwa wiki kwahiyo ana mapipa. Kabla ya hapo alikuwa na kuku wa kienyeji watatu wanne wa kujitafutia wenyewe, na kimchicha kidogo cha kula nyumbani.

Machi akanunua chotara aina ya Sasso sitini, wa umri wa mwezi mmoja. Hapa alifikiria vizuri na naomba nipasifie mapema. Angeweza kununua vifaranga wa siku moja kwa bei ya chini, lakini kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 32 mpaka 35 wiki ya kwanza, ndio unashusha taratibu kila wiki, na kwa mtu anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda sokoni huo mkaa wa bruda (chumba cha kulelea vifaranga kwenye joto) na hiyo kuamka usiku kuchungulia vingemshinda, na jiko la mkaa kwenye chumba kilichozibwa ni hatari kwa vifaranga na kwa anayewaangalia. Akalipa zaidi akaletewa kuku waliokwishavuka kipindi kigumu. Muuzaji akampa na karatasi yenye chanjo walizopata: kideri (Newcastle, ugonjwa wa kirusi unaoua kuku kwa kasi) mara mbili, gumboro (ugonjwa mwingine wa kirusi, wa kuku wadogo) mara mbili, na tarehe zake. Mama K akaibandika kwa ndani ya mlango wa banda.

Karatasi ile ilikuwa inaonyesha kilichofanyika. Kinachofuata na lini, haikuandikwa popote.

Mambo yalivyokwenda

Mbolea, Aprili mpaka Mei

Wiki za mwanzo zilikuwa safi, walikufa watatu, ukiwa na kuku sitini hiyo ni ya kawaida. Wazo la Mama K lilikuwa lile ambalo kila mtu analo, kuku wanatoa mbolea, mbolea inaenda kwenye mboga, mabaki ya mboga yanarudi kwa kuku, hakuna cha kununua. Basi mwezi wa nne mwishoni alipofagia banda mara ya kwanza akabeba kila kitu moja kwa moja akachanganya kwenye matuta mawili na siku hiyohiyo akapandikiza chainizi.

Baada ya siku chache akanipigia kwamba chainizi zina ugonjwa. Nikaenda nikakuta kitu ambacho ningependa kila mfugaji wa nyuma ya nyumba akione. Tuta la kwanza miche ilikuwa imeungua kingo za majani, kahawia, inakatika kama karatasi ukishika, na mingine imelala kabisa. Tuta la pili, hatua mbili kutoka pale, miche ilikuwa hai lakini ya manjano, imedumaa, majani ya chini ndio yanaongoza kwa kupauka. Mbolea ya banda moja, siku moja, maji yaleyale, matokeo yanapingana.

Tulipoulizana ndio ikajulikana kwamba tuta la kwanza lilipata kinyesi cha chini ya fito wanapolala kuku, kizito na kibichi, na tuta la pili lilipata takataka za katikati ya banda ambazo nyingi ni maranda. Kinyesi kibichi cha kuku kina naitrojeni nyingi na chumvi, ule weupe unaouona juu yake ndio unaogeuka amonia, mizizi michanga inaungua. Maranda nayo ni mti mkavu, vijidudu vya udongoni vikianza kuyaozesha vinahitaji naitrojeni na vinaichukua hapohapo kwenye udongo, mmea unabaki na njaa kwa muda. Kwahiyo kitu kilekile kinaweza kukupa sumu ya kuzidi au njaa, inategemea umechota kona gani ya banda!

Uamuzi aliofanya ni kung'oa yote, kumwagilia matuta sana kwa wiki mbili bila kupanda kitu, na kuanza lundo. Lundo la kwanza halikupata moto. Lilikuwa dogo, limefika magotini tu, na Juni ya Mbeya inalipoza lote. Tukaliongeza mpaka likawa kama mita moja kila upande na kwenda juu, tabaka la kinyesi na maranda, tabaka la nyasi kavu na majani ya parachichi, maji ya kulowesha tu bila kuchuruzika, juu kafunika na viroba vilivyofumuliwa. Kipimo chetu kilikuwa nondo. Unaichomeka mpaka katikati unaiacha kidogo, unaichomoa unashika, ikiwa ya moto kiasi cha kutotaka kuendelea kuishika basi lundo linafanya kazi, ikiwa ya vuguvugu geuza lundo uongeze maji au kinyesi. Alikuwa analigeuza kila Jumapili akitoka ibada na vijana wake wawili wakilalamika njia nzima.

Banda, Juni na Julai

Baridi ilipokaza mume wake akarudi wikiendi moja akaziba banda lote na turubai, pande nne, mpaka chini ya bati. Kwa nia njema kabisa, alisema kuku watakufa na baridi. Wiki mbili baadae kuku wanapiga chafya, macho yana machozi, wawili wamevimba uso. Mama K akawa ananunua dawa ya mafua.

Nilipoingia mle mchana sikusikia kitu cha kutisha. Nikachuchumaa. Pale chini, kwenye kimo cha kichwa cha kuku, amonia ilinipiga mpaka nikatoka machozi. Mtu mzima akisimama anavuta hewa ya juu, kuku anavuta ya chini kwenye maranda yaliyolowa, na usiku kucha. Tukakata turubai sehemu ya juu, upana kama viganja viwili kuzunguka banda lote chini ya paa, tukaacha chini imezibwa ili upepo usiwapige wakiwa kwenye fito, maranda yaliyoshikana yakatolewa yakawekwa makavu, na kinyweshi kilichokuwa kinavuja kikabadilishwa. Chafya zikapungua zenyewe. Wale wawili waliovimba uso alichinja mmoja, mwingine akapona.

Kichupa

Katikati ya Juni, wakati huohuo wa mambo ya turubai, Mama K alikumbuka chanjo. Hili nalisisitiza kwasababu watu wanapenda kusema wafugaji wadogo hawajui. Alijua. Alienda mpaka duka la dawa za mifugo akauliza chanjo ya kideri ya matone ya macho, ile ya I-2 inayotengenezwa hapahapa nchini na inayovumilia joto kuliko zile za zamani. Maelekezo yake ni rahisi, tone moja jicho moja kwa kila kuku, awe mkubwa au mdogo ni tone hilohilo, unarudia kila baada ya miezi mitatu.

Kichupa kilichokuwepo ni cha dozi mia mbili. Yeye alikuwa na kuku hamsini na kitu, na kikishafunguliwa huwezi kukitunza mpaka raundi nyingine. Akapiga hesabu pale dukani kwamba robo tatu ya hela anaimwaga. Hela yenyewe haikufika hata bei ya trei moja ya mayai, lakini wakati ule kuku walikuwa hawajaanza kutaga, wanakula tu, kila siku pumba, mashudu, dagaa, na kila senti ilikuwa inauma. Akasema nitarudi wakianza kutaga. Julai akauza majogoo kumi na kitu, wakabaki arobaini, majike thelathini na nane na jogoo wawili. Kichupa cha mia mbili kikazidi kuonekana kikubwa.

Agosti wakaanza kutaga na mambo yakawa mazuri kweli, katikati ya Septemba anaokota mayai ishirini na zaidi kwa siku, chainizi na spinachi za mbolea iliyoiva zimenyanyuka, mama lishe wawili wanachukua mafungu kila asubuhi. Akaongeza vifaranga kumi na wawili wa mwezi mmoja, akawaweka kibanda kidogo upande wa pili wa nyumba kwasababu banda kubwa wangedonolewa. Nao walikuja na karatasi yao, chanjo zao bado mbichi.

Jogoo wa zawadi

Mwishoni mwa Septemba akaja mkwe kutoka kijijini na jogoo mkubwa mweupe kafungwa miguu kwenye buti la gari. Sasa, wataalamu tunaandika "tenga kuku mgeni wiki mbili" kama vile ni jambo jepesi. Jogoo wa mkwe umfungie peke yake kwenye tenga nyuma ya choo kama mwizi, na mwenyewe mgeni yupo sebuleni anakunywa chai? Aliingizwa banda kubwa jioni ileile na mkwe akashangiliwa.

Wakati huohuo kuku wa kienyeji wa nyumba ya chini walikuwa wameanza kufa mmoja mmoja, ila habari hiyo tuliipata baadae, maana kuku akifa mtaani watu hawatangazi. Kwahiyo sitasema jogoo ndiye aliyeleta. Inawezekana ni yeye, inawezekana ni kuku wa jirani waliokuwa wanaingia kuokota chini ya wavu, inawezekana ni viatu vya mtu. Kwa kuku ambao kinga yao imeshuka tangu Juni haikuwa na tofauti kubwa nani kabisha hodi kwanza.

Siku kama ya tano jogoo hakuwika. Manyoya yamesimama, kinyesi cha kijani. Kesho yake majike wawili. Siku ya tatu ya ugonjwa nilifika nikamkuta kuku mmoja anajaribu kudonoa punje ya mahindi, anaikosa, anadonoa pembeni yake, anajaribu tena na shingo inajipinda inampeleka kichwa nyuma mpaka anaangalia bati. Alirudia hivyo muda wote niliosimama. Mayai yalishuka kutoka ishirini hadi matano ndani ya siku chache, na ganda laini.

Maamuzi ya wiki ile, na sababu zake

La kwanza alilofanya kabla hajaita mtu ni kununua ile dawa ya unga ya njano na kuiweka kwenye maji. Karibu kila mtu anafanya hivi. Ni antibayotiki, kideri ni kirusi, haikumsaidia kitu isipokuwa kumwongezea tatizo jingine, kwamba hata yale mayai machache hayakufaa kuliwa wala kuuzwa kwa siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Akayafukia.

La pili ndilo gumu. Jirani wa nyumba ya juu, mtu mzima anayemheshimu, akamwambia, "Dada, hao ambao bado wanasimama wapeleke leo jioni kwa wauza supu, kesho hutakuwa na wa kuuza." Mume wake kwenye simu akasema hivyohivyo. Kiuchumi walikuwa sahihi, kuku ishirini na kitu waliobaki wamesimama ilikuwa hela ya kurudisha nusu ya mtaji. Mama K akakataa. Sababu yake ya kwanza haikuwa ya kitaalamu hata kidogo, alisema mayai yangu nawauzia watu hawahawa, wakijua niliwauzia supu ya kuku wagonjwa nitauza tena nini hapa? Sababu ya pili ni kwamba wauza supu wananyonyolea kuku kandokando ya mtaro, utumbo na manyoya yanaishia mtaroni, na mtaro huo ndio kuku wa mtaa mzima wanapokwarua. Badala yake alichinja sita waliokuwa hawajaonyesha dalili, nyumbani, wakachemshwa vizuri wakaliwa, manyoya na utumbo vikafukiwa. Kideri hakina shida kubwa kwa binadamu, anayeshika wagonjwa anaweza kupata macho mekundu kwa siku chache, kwahiyo kunawa na kutojigusa usoni ni lazima. Hatari kubwa ya yule kuku ni kwa kuku wenzake.

La tatu, alimpigia afisa mifugo wa kata. Alikuja kesho yake. Sampuli haikupelekwa maabara, kwahiyo tunasema kideri kwa dalili na kwa mwendo wa vifo. Swali lilikuwa kama wachanje waliobaki. Jibu lake lilikuwa la busara: banda kubwa hapana, kirusi kimeshaingia, chanjo inahitaji wiki moja mpaka mbili ndio imjengee kuku kinga na wale hawana hizo wiki. Wale kumi na wawili wa kibanda kidogo ndio. Lakini waanzwe wao, asubuhi, kabla mtu hajagusa banda la wagonjwa, na anayewahudumia asiwe yule anayezika mizoga. Kazi ya kibanda kidogo ikapewa mtoto wa kike wa kidato cha pili, na akakatazwa kabisa kukanyaga upande wa pili. Nadhani yeye ndiye aliyefanya kazi bora kuliko sisi wote, maana aliwafukuza hadi wageni.

Mizoga ikafukiwa shimo la kufika kiunoni, chokaa juu, mbali na mapipa ya maji.

La nne ni la bustani na watu wengi wangelisahau. Kulikuwa na malundo mawili, la zamani lililoiva tangu Agosti na takataka mbichi za banda lenye ugonjwa. Mama K alitaka kuchanganya zote aongeze moto. Tukakubaliana hapana. Mbolea ya zamani iliendelea kwenda kwenye mboga. Ya banda la ugonjwa ikalundikwa peke yake kwenye kona, ikafunikwa na nailoni ikawekewa mawe ili kuku wa jirani wasikwarue, ikakaa mpaka mvua zilipokolea, na hata hapo ikaenda chini ya miparachichi. Kwenye mboga za majani haikugusa.

Matokeo

Kati ya arobaini wa banda kubwa walibaki tisa. Kwa kumi na wawili wa kibanda kidogo alikufa mmoja, na yeye naona ni kwa sababu nyingine, alikuwa mdhaifu tangu aletwe.

Oktoba na Novemba nyumba ile iliishi kwa chainizi. Mafungu kwa mama lishe, spinachi kwa majirani, na kwa mara ya kwanza karoti zikatosha kupeleka sokoni pamoja na nafaka. Haikufikia hela ya mayai, ila ada ya muhula na hela ya pampu ya kurudishia maji kwenye mapipa ilitoka pale. Na lile banda tupu lilimpa nafasi: kuku tisa waliopona wakahamishiwa wigo mdogo, maranda yote nje, kuta zikasuguliwa kwa sabuni kwanza ndio dawa ya kuua vijidudu ikafuata (dawa ikipigwa juu ya kinyesi inafia kwenye kinyesi), chokaa sakafuni, milango wazi jua liingie. Hakuingiza kuku mpya mpaka Januari.

Kitu kikubwa zaidi kilitokea Desemba na sikukipanga mimi. Mama K alirudi duka lilelile, kichupa ni kilekile cha mia mbili. Akanunua nusu nusu na jirani wa juu, yule wa supu. Jirani wa juu akasema mbona dada yangu wa pale pembeni naye ana kuku. Wakahesabu nyumba saba zinazogusana wakapata kuku kama mia na sabini na kitu. Dozi mia mbili zikaenea na zikabaki kidogo za kumwaga. Mchango wa nyumba moja ukawa hela ya vocha.

Sa hivi wanachanja Januari, Aprili, Julai na Oktoba, Jumamosi ya kwanza jioni, kuku wakiwa wameshaingia kulala maana mchana kumkamata kienyeji ni mbio za bure. Watoto wanakamata, mtu mmoja anashika kichwa pembeni jicho liangalie juu, mwingine anadondosha tone, wanasubiri kuku apepese ndio anaachiwa. Kuku mgonjwa haguswi. Wanaanza nyumba ambayo hakuna hata kuku mmoja aliyepooza wiki hiyo. Daftari liko kwa Mama K.

Oktoba iliyofuata mtaa wa bondeni kuku walikufa sana. Kwenye nyumba saba walikufa watano, wote kwenye nyumba moja, na wanne kati yao walikuwa wamenunuliwa baada ya raundi ya Julai. Mwaka mmoja hauthibitishi kitu, ila majirani hawakusubiri uthibitisho, raundi ya Oktoba watu walimfuata wenyewe Mama K kuuliza kichupa kimefika.

Uchambuzi

Mtaani pale ukiuliza kilichoua kuku wa Mama K wengi watakujibu upepo wa Septemba. Wengine baridi. Upepo na vumbi ni kweli vinakuja majira yaleyale ya kideri, lakini majira hayo pia ndio watu wanasafirisha kuku sana, mavuno yameisha, harusi na ugeni ni vingi, kuku wanatembea kwenye mabasi na mabuti. Na baridi haikumuua hata mmoja, kilichokaribia kuwaua ni juhudi ya kuwakinga na baridi. Hili la turubai nalikuta nyumba nyingi za nyanda za juu na kila mara anayeziba ni mtu mwenye upendo.

Kushindwa kwenyewe kulikuwa pale dukani Juni, na mimi siwezi kusema ulikuwa uzembe. Mtu mwenye kuku hamsini anauziwa kitu kilichopimwa kwa kuku mia mbili, akikataa anafanya hesabu sahihi kwa taarifa aliyonayo. Alichokosa ni kuona kwamba kuku wake hawaishi peke yao. Wanakwarua mtaro mmoja na wa jirani, wanapokea wageni walewale, kinga ya banda lake bila ya nyumba ya chini ni nusu kinga. Ushauri wetu, ule wa vipeperushi, unamsemesha mfugaji mmoja mmoja, chanja kuku wako, tenga kuku wako, na ndio maana unamfikia na bado haufanyi kazi. Ningekuwa na uwezo ningebadilisha sentensi ya kwanza ya kila kipeperushi iwe: hesabu kuku wa nyumba zinazokuzunguka.

Kuna nyumba moja kati ya zile saba iligoma kuchangia, mzee mwenye kuku kumi wa kienyeji anayeamini kienyeji haugui. Kikao cha majirani kilitaka aachwe ajifunze. Mama K akasema wachanjwe bure na yale matone yanayobaki. Wapo waliochukia, wakaona mzee anapewa zawadi kwa ubishi, ila kwa upande wa ugonjwa uamuzi huu ni bora kuliko mengine yote kwenye kisa hiki. Matone yale yangemwagwa. Na kuku kumi wasio na kinga katikati ya nyumba sita zilizochanja ni mlango ulioachwa wazi. Mzee mwenyewe mpaka leo hachangii, ila anatoa taa ya sola ya kuchanjia.

Kukataa kuuza kuku wagonjwa kulimgharimu hela nyingi na kulifanya kazi, kwa sababu ambayo yeye aliiona na sisi hatukuiona. Tulikuwa tunazungumza kusambaa kwa kirusi, yeye anazungumza wateja. Majirani walioona amefukia kuku badala ya kuwauza ndio haohao waliokubali aweke daftari na kushika hela zao.

Angeweza pia kuchanganya kuku wa umri tofauti, nafasi banda kubwa ilikuwepo. Aliwatenga wadogo kwa kuogopa kudonolewa tu, na utengano huo ukaja kuwaokoa. Sio kila kitu kilichofaulu kilipangwa.

Upande wa bustani, somo la matuta mawili limebaki kama desturi: kinyesi cha chini ya fito na takataka za katikati vinachanganywa kwenye lundo, hakuna kinachoenda shambani kikiwa na harufu ya amonia, na lundo linakaa miezi mitatu au zaidi kwasababu ya baridi. Kwa mboga zinazoliwa mbichi, karoti na majani ya saladi, anaongeza muda, maana kinyesi kibichi kinaweza kubeba salmonela mpaka kwenye sahani. Kuku nao wamepewa zamu bustanini. Tuta likishavunwa lote wanafunguliwa siku kadhaa wanakula sota na viwavi na magugu machanga, wanakwarua udongo, wanatolewa, tuta linapumzika ndio linapandwa tena. Nje ya zamu hiyo kuna wavu na nguzo za milingoti, na anayeruka anakatwa manyoya ya bawa moja.

Kuku mgeni sasa anapokelewa kwenye tenga chini ya mparachichi, karibu na bomba ambapo kila anayeingia anamwona, na wageni wanaambiwa ndio utaratibu wa mtaa. Ikiwa ni utaratibu wa mtaa hakuna anayejisikia kudharauliwa, hata mkwe.

Ambacho bado hakijakaa sawa ni nyumba za kupanga. Raundi ya Julai nyumba mbili zilikuwa na wapangaji wapya waliohamia na kuku wao kwenye matenga, na hakuna aliyewauliza habari ya chanjo mpaka siku ya kuchanja. Mama K anataka wenye nyumba wawe wanawaambia wapangaji mapema, jirani wa juu anaona huko ni kuingilia mambo ya watu. Walipoachia mjadala, kuku wa wapangaji walichanjwa kwa matone ya kwenye kichupa hichohicho na mchango wao ukaandikwa kwenye daftari kama deni.